Usisuke Kabla Boti Haijafungwa

Ni saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Ukungu umelala juu ya Bwawa la Namba Tisa, na baridi ya upande huu wa Eldoret inauma masikio. Zablon Obonyo amepiga magoti kwenye mbao za gati. Ukimwona kwa mbali utadhani anakagua misumari. Anaomba.

Maombi yake si marefu. Akishasema amina anainuka, anachukua mtungi wa plastiki uliokatwa shingo, na kuanza kuchota maji yaliyoingia ndani ya boti ya kwanza. Boti ziko tano, zote ndogo; nne zimefungwa kando ya gati kama ndama zizini, ya tano iko ng'ambo. Kila moja ina jina lake. Ya kwanza ni Neema. Ya tatu inaitwa Simama Imara, ingawa ndani yake hakuna anayeruhusiwa kusimama.

Mluzi unasikika kutoka ng'ambo. Ni Kigen, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, anakuja na mikebe minne na abiria mmoja, mgeni aliyevaa viatu vipya. Kigen anapiga makasia polepole. Boti inapokaribia gati, mgeni anashika mkoba wake na kuanza kuinuka.

"Usisuke!" Obonyo na abiria wawili wanaosubiri gatini wanapiga kelele kwa pamoja.

Mgeni anaketi kwa kishindo. Anajigusa kichwa. Ana upara.

"Nisuke nini?" anauliza.

Kigen anacheka mpaka kasia linamponyoka mkononi. Anamwonyesha mlango wa zamani wa rangi ya buluu uliosimamishwa pale gatini. Juu yake pameandikwa kwa rangi nyeupe: USISHUKE KABLA BOTI HAIJAFUNGWA. Katika neno la kwanza kuna herufi H, nyekundu na nyembamba, iliyobanwa kati ya S na U kama mtu aliyechelewa ibada akatafutiwa nafasi kwenye benchi lililojaa.

Hiyo H ndogo ina hadithi ya jinsi Obonyo, mwenye umri wa miaka hamsini na sita, alivyobaki na kazi yake.

*

Obonyo alizaliwa kando ya Ziwa Viktoria, upande wa Homa Bay. Alijua kupiga kasia kabla ya kujua kufunga vifungo vya shati. Baba yake alipofariki, aliacha masomo akiwa darasa la pili. "Nilikuwa nimefika kwenye herufi za kwanza kwanza tu," anasema. "Zile zingine tulikutana ukubwani."

Alikuja Eldoret akiwa kijana, akakaa mtaa wa Langas zaidi ya miaka ishirini akifanya kazi ya mjengo. Alibeba mawe, alichanganya simiti, na jioni alirudi nyumbani kwa miguu. Mkewe, Angeline, mama wa binti yao Lorraine, aliuza dagaa wa omena kando ya barabara. Kuna wakati kazi ilikosekana kwa majuma matatu mfululizo, na familia ikala uji asubuhi na uji jioni.

Jinsi alivyofika bwawani ni hadithi ambayo Angeline hupenda kuisimulia mbele ya wageni.

"Mtu alimwambia kuna kazi Ziwa," anasema Angeline. "Baba Lorraine akaruka. Akasema, Mungu amejibu, nimepata ziwa karibu na Eldoret! Akatafuta nyavu. Akapanda gari na nyavu begani mpaka Ziwa. Muulize alikuta nini."

"Mahindi," anajibu Obonyo bila kuinua uso.

Ziwa ni soko la wakulima wa mahindi na maziwa, kaskazini mwa mji. Obonyo alizunguka sokoni na nyavu zake akiuliza maji yako wapi, na watu wakamwonyesha bomba. Mwishowe mwuza viazi mmoja alimhurumia akamwelekeza kwenye bwawa la shamba la zamani, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Alipofika aliwakuta wakulima wanne ndani ya boti moja, wamesimama wote, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa nini inazunguka.

Aliwatoa majini salama. Juma lililofuata alikuwa mwajiriwa wa kamati yao. Leo analipwa shilingi elfu kumi na mbili kwa mwezi na lita moja ya maziwa kila asubuhi. "Sijawahi kupungukiwa chai tangu siku hiyo," anasema, na uso wake unaonyesha kwamba hiyo ni shukrani ya kweli.

*

Boti hizi ni za watu wote wa pande mbili za bwawa. Kuzunguka kwa barabara ni kilomita nane. Kuvuka ni dakika saba. Kila familia ina haki ya kuchukua boti, kupiga makasia yenyewe na kuiacha ilivyoikuta. Kazi ya Obonyo ni kuhakikisha hilo neno la mwisho linatimia.

Si kazi nyepesi. Watu wa huku ni wa nyanda za juu. Wanajua ng'ombe, mahindi na mbio. Boti walikutana nayo juzi.

"Hapa wengi hufunga boti kama ng'ombe," anaeleza Obonyo. "Kamba fupi, fundo la nguvu, anaondoka. Sasa maji yakipungua kiangazi, unakuja asubuhi unakuta boti inaning'inia kwa pua. Nikamwambia Kigen, ndugu yangu, boti haili majani ya jirani. Mwachie kamba."

"Na mimi nilimwachia," anadakia Kigen. "Nikamwachia mita kumi. Akaenda kulala na boti ya wenyewe katikati ya bwawa."

Polepole adabu ya gati imejengeka. Unayemkuta ndani ya boti unamsalimia kwanza, hata kama jana mlikosana kuhusu mpaka wa shamba. Maziwa hupanda kabla ya mwenye maziwa. Mtu mzito huketi katikati, na akiambiwa hivyo haruhusiwi kununa. Mbuzi huangalia nyuma, kwa sababu mbuzi anayeona gati huruka. Habari za siasa huachwa nchi kavu, maana hasira ikipanda katikati ya maji hakuna anayeweza kuondoka akabamiza mlango. Mwavuli haufunguliwi siku ya upepo. Kuna mama mmoja aliyeufungua, na Obonyo anasema boti ilielekea upande usiokuwa na mtu yeyote anayemjua.

Na boti hairudishwi na maji ndani. "Boti ni kama sufuria ya kuazima," Obonyo huwaambia. "Ukirudisha na ukoko, kesho nani atakupa?"

Lakini kanuni iliyowashinda watu wote ilikuwa ya kushuka. Wamezoea magari. Gari likipunguza mwendo, mtu tayari ana mguu mmoja nje. Walifanya vivyo hivyo kwenye boti. Boti ikigusa gati waliruka, na ile nguvu ya kuruka iliirudisha boti nyuma. Aliyebaki ndani alianguka. Asipobaki mtu ndani, boti ilijiendea zake.

Ndivyo ilivyokuwa Aprili mwaka jana. Obonyo alikuwa ng'ambo akiziba boti iliyovuja. Aliporudi, Neema haikuwepo. Ilionekana siku mbili baadaye ndani ya matete upande wa kusini, kasia moja limepotea. Katika siku hizo mbili boti hazikutosha. Lita arobaini za Kigen zilizunguka kwa barabara juani, zikafika kituo cha maziwa zimeganda.

Kamati iliitwa. Mwenyekiti ni Mzee Gerishon Mungai, mwenye duka la mbegu na shamba la ekari sita. Aliuliza swali moja tu. Nani alitumia Neema mwisho?

Hakukuwa na daftari. Obonyo aliweka kumbukumbu zake kwa kamba. Kila boti ilikuwa na kamba yake nyembamba, na kila aliyechukua boti aliipigia fundo kwa namna yake. Yeye alielewa. Wengine waliona mafundo.

"Mzee Obonyo, wewe ni mtu mzuri," Mungai alimwambia mbele ya wote. "Lakini hatuwezi kupeleka kamba kwa chifu. Tunataka mtu wa kuandika."

Mjumbe mmoja alipendekeza mpwa wake aliyemaliza kidato cha nne. Kamati haikutaka kumfukuza Obonyo hapohapo. Walimpa mpaka Jumamosi ya mwisho ya Novemba. Siku hiyo awe na daftari lililoandikwa kwa mkono wake, na kanuni za gati ziwe zimeandikwa ubaoni. La sivyo, amwachie kijana.

*

Darasa la watu wazima pale Ziwa hukutana Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni, katika ukumbi wa kanisa. Wanafunzi ni kumi na mmoja. Mabenchi ni ya shule ya Jumapili, kwa hiyo magoti hufika karibu na kidevu. Darasa huanza kwa maombi na kuisha kwa maombi. Mwalimu wao, Eddah Wachira, anasema Obonyo hajakosa hata siku moja tangu Mei.

"Alikuja mikono inanuka lami ya boti," anakumbuka Mwalimu Eddah. "Siku ya kwanza aliandika herufi moja kwa nusu saa. Nikamuuliza, Baba Lorraine, umechoka? Akaniambia, Mwalimu, kasia pia lilinichubua mwanzoni."

Mwalimu Eddah alimfundisha kanuni ambayo humfundisha kila mtu. Kiswahili ni lugha ya huruma, aliwaambia. Huandikwa kama kinavyotamkwa. Andika unavyosema, hutapotea.

Obonyo aliishika kanuni hiyo kama alivyoshika maombi. Mwezi wa Septemba alitafuta mlango wa zamani, akaupiga rangi ya buluu, akanunua kopo dogo la rangi nyeupe. Hakumwambia mwalimu. Alitaka iwe zawadi. Alianza asubuhi akamaliza alasiri, akasimamisha mlango gatini na kumshukuru Mungu.

Lakini katika lugha ya nyumbani kwao Obonyo sauti ya "sh" haipo. Kinywani mwake "shuka" hutoka "suka". Aliandika anavyosema. USISUKE KABLA BOTI HAIJAFUNGWA.

Abiria wa kwanza waliusoma wakacheka. Wa pili walicheka wakapiga picha kwa simu. Obonyo naye alicheka pamoja nao.

"Siku mbili nzima nilifurahi," anasema taratibu. "Nilidhani wanafurahi kwa sababu nimeandika."

Siku ya tatu alifika Betty, msusi mwenye kibanda sokoni Ziwa. Alikuja amejishika kiuno.

"Mzee Obonyo, kwani mimi nimewakosea nini?" aliuliza. "Wateja wangu wa ng'ombe na wa mahindi wote wako upande ule. Sasa umeandika wasisuke. Boti ikifungwa ndio wasuke? Na ifungwe saa ngapi, ili nipange vibarua?"

Mama mmoja wa kikundi cha maombi, aliyekuwa ameketi ndani ya boti, alikuwa na swali lake. "Na hiyo kufungwa, ni kufunga kwa siku moja ama tatu?"

Watu walicheka hadi wakashikana. Obonyo aliutazama ubao wake. Aliona herufi zote alizozifahamu. Hakuona kosa.

Jumamosi, Mwalimu Eddah alipita akielekea kwa dada yake ng'ambo. Alisimama mbele ya mlango wa buluu kwa muda mrefu.

"Baba Lorraine," alisema kwa upole, "sema shuka."

"Suka."

"Shu."

"Su."

"Sikiliza mdomo wangu. Shhh. Kama unanyamazisha mtoto kanisani."

"Sss," alisema Obonyo, na hapo akaelewa.

Mwalimu Eddah anasema yeye ndiye aliyekaribia kulia. "Alifuata nilivyomfundisha. Aliandika anavyosema. Kosa lilikuwa kwenye kanuni yangu."

Obonyo alirudi nyumbani akamwambia Angeline atauvunja ule ubao uwe kuni. Angeline alimwekea chakula. Alipomaliza kula alimwambia, "Kwanza omba. Halafu kesho kaa gatini, uangalie watu. Usiangalie ubao."

Alifanya hivyo. Aliona jambo ambalo hakuwa ameliona katika miaka yake yote pale. Neema ilikuja na watu wanne. Ilipokaribia gati, mmoja aliinua goti. Wenzake wakapiga kelele, "Usisuke!" Akaketi, akicheka. Kamba ikafungwa. Wakateremka mmoja mmoja. Boti iliyofuata ikawa vivyo hivyo. Na iliyofuata.

Kumbe tangu mlango ule usimame, hakuna hata mtu mmoja aliyeruka.

*

Jumamosi ya mwisho ya Novemba, kamati ilikutana chini ya paa la mabati la kituo cha maziwa. Watu walikuwa zaidi ya arobaini. Yule mpwa aliyemaliza kidato cha nne alikuwa amevaa tai. Angeline aliketi nyuma, macho amefumba, midomo ikicheza.

Mungai alianza na ubao. Alisema umewaaibisha, kwamba picha yake imefika mpaka mjini, na kwamba lazima utolewe. Kisha akausoma kwa sauti ili uingizwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

"Usisuke kabra boti haijafungwa."

"Mwenyekiti, ni kabla," alisema Betty.

"Ndiyo nimesema. Kabra."

Kigen alisimama kumsaidia. "Mwenyekiti anataka kusema, usisuke kapla poti haijafungwa."

Ilichukua muda mkutano kutulia. Mjumbe mmoja alifuta machozi akasema kama kila mtu angeandika anavyosema, ubao huo ungehitaji milango mitatu.

Kisha Obonyo aliitwa na daftari lake. Alisimama. Alisoma tarehe, jina la boti, jina la mtu, saa ya kutoka, saa ya kurudi. Alisoma ukurasa mzima wa Juni, mahali herufi zilikuwa kubwa kama viazi. Alisoma wa Septemba. Alisoma wa Novemba, mahali zilikuwa zimenyooka. Alikwama kwenye jina moja tu, Wepukhulu, na mwenye jina akampa pole kutoka nyuma, akisema hata yeye lilimchukua miaka.

Hakuna boti iliyopotea. Hakuna kasia lililopotea. Kila safari ilikuwa na jina.

Obonyo alifunga daftari. Mzee Mungai alivua kofia.

"Nina neno," alisema. "Ile siku ya Aprili. Aliyetoka kwa Neema bila kufunga ni mimi. Nilikuwa nimechelewa mkutano wa kamati. Mkutano wa mambo ya boti. Niliruka, nikasikia maji, sikuangalia nyuma. Kisha nikaogopa kusema. Kigen, unisamehe. Mzee Obonyo, wewe zaidi."

Kigen alisimama. "Lita arobaini, Mwenyekiti," alisema. "Na mimi nilikuwa nimemlaani mtu nisiyemjua kumbe ni jirani." Akampa mkono.

Obonyo hakuonekana kushangaa. Baadaye aliulizwa kama alijua.

"Nilijua siku ileile," anasema. "Fundo lake lilikuwa la mwisho kwenye kamba ya Neema. Lakini ningesema nini? Kamba ni yangu na fundo nalielewa mimi peke yangu. Ingekuwa ni neno langu na neno la mwenyekiti. Nikamwambia Mungu, nipe mahali neno langu linaweza kuketi, watu wote walione. Ndiyo maana nilienda darasani. Watu walidhani naogopa kufutwa."

Kamati haikupiga kura. Yule kijana alifungua tai yake akasema kweli yeye anaogopa maji. Obonyo aliomba ruhusa ya jambo moja. Alifungua daftari mwanzoni kabisa, kwenye ukurasa mtupu aliokuwa ameuacha, akaandika huku wote wakisubiri. Kisha akampa Mungai asome.

"Aprili. Neema. Mzee Mungai. Alishuka kabla ya kufunga."

Betty ndiye aliyeiona kwanza. "Ameweka H!" alipiga kelele, na watu wakapiga makofi kama wako arusini.

*

Wengi walitaka ubao ubaki ulivyo. Obonyo alikataa. Jumatatu alichukua rangi nyekundu akaichomeka ile H. "Watoto hupita hapa wakienda masomoni," anasema. "Sitaki mtoto wa mtu ajifunze kosa langu. Kosa nimelimaliza mimi."

Watu wanasoma H, lakini midomoni bado wanasema "usisuke". Betty amechora maneno hayohayo kwenye kibanda chake, chini yake akaongeza: BOTI IMESHAFUNGWA, KARIBU. Anasema Jumamosi hapumui kwa wateja.

Mwaka huu Obonyo anatarajia kufanya mtihani wa elimu ya watu wazima. Lakini kuna siku anayoingoja zaidi. Mchungaji wake amemwahidi kwamba Pasaka atasoma somo mbele ya kanisa lote. Kila jioni Angeline humsikiliza jikoni. Sauti ya "sh" bado haijatoka, na yeye haimsumbui tena.

"Mdomo wangu ulizaliwa ziwani, na umezoea," anasema huku akiinama kufunga kamba ya Neema, na kuiachia urefu wa kutosha. "Mkono ndio umesomea Ziwa. Mungu anaelewa vyote viwili. Siku hiyo nikipanda pale mbele, sitasuka mpaka nimalize mstari wa mwisho."

Nyuma yake mgeni mwenye upara amerudi, anataka kuvuka tena. Anaingia, anamsalimia mama aliyemkuta ndani, anaketi katikati bila kuambiwa. Kigen anashika makasia. Ng'ambo, boti inapokaribia nguzo, mama anaanza kuinuka.

Sauti ya mgeni inavuka maji yote mpaka gatini.

"Mama, usisuke!"